Kijana wangu wa miaka 15 anawaka kipindi cha kwanza, cha pili anazimika. Tatizo ni nini?

#1 Baba_Mamboleo
Salamu wadau, naomba akili zenu. Kijana wangu ameingia Gredi ya 10, shule ya kutwa hapa Kisumu, anacheza winga ya kulia. Mwaka jana alikuwa anamaliza mechi nzima halafu anakuja nyumbani kucheza tena na wenzake mpaka mama yake amwite mara tatu. Mwaka huu, kwenye hizi mechi za kirafiki, kipindi cha kwanza anawaka moto. Kipindi cha pili dakika kumi hazijaisha vizuri, kwisha. Anashika magoti, mdomo wazi, mpira unapita mbele yake. Kocha ameniambia uso kwa uso kwamba kijana ni mvivu, na kwamba asipojirekebisha hatamchukua kwenye kikosi cha muhula wa pili.

Nikaamua kulishughulikia mwenyewe. Tangu shule zifunguliwe namwamsha saa kumi na nusu alfajiri, tunatoka Mamboleo tunapanda barabara ya kwenda Kiboswa, yeye mbele, mimi nyuma na baiskeli. Siku sita kwa wiki. Hii ni wiki ya tano. Badala ya pumzi kuongezeka naona inapungua. Jana amekimbia kidogo tu akaketi kando ya barabara akaniambia, "Baba, miguu haiko." Hilo neno limenikosesha usingizi. Sijui namjenga au namvunja.

#2 Mzee_Kiboswa
Usimlegezee. Sisi tulikwenda shule pekupeku na kurudi, tumbo lina kiazi kimoja, na jioni tulicheza mpaka giza. Watoto wa leo wanaitiwa boda hata kwenda dukani. Mwili huzoea kile unachopewa. Huo mlima naujua, umekuza vijana wengi.

#3 Winga_Mstaafu
Mzee #2 shikamoo, lakini hapa sikubaliani nawe. Nimecheza winga shule ya upili Kakamega, nimekanyaga uwanja wa Bukhungu nikiwa na miaka 17, na mbio ndefu za alfajiri ndizo zilizoniharibia kasi. Winga hakimbii mwendo mmoja. Anachomoka, anatembea, anachomoka tena, anarudi kukaba. Ukimkimbiza mlima siku sita kwa mwendo ule ule, unamfundisha kwenda polepole kwa muda mrefu.

Baba Mamboleo, jaribu hivi: sekunde 15 kasi, sekunde 15 kutembea, kwa dakika sita. Apumzike dakika tatu, arudie. Mara mbili tu kwa wiki. Siku nyingine wacheze wanne kwa wanne kwenye uwanja mdogo, dakika nne nne, na mpira usitoke miguuni. Pumzi ya mpira hutafutwa na mpira.

#4 NaksFizio
Mimi ni fizio, niko Nakuru, nashughulika na vijana wa raga na riadha. Kabla hatujamwongezea wala kumpunguzia kilomita, Baba Mamboleo nijibu manne: ameongezeka urefu kiasi gani tangu mwaka jana? Analala saa ngapi? Kuna mahali panapomuuma? Anakula nini kabla ya kukimbia?

#5 Baba_Mamboleo
Asante. Urefu: suruali ya kanisani tuliyomnunulia Agosti sasa inaishia juu ya vifundo vya miguu. Ameshanipita. Kulala ni saa tano usiku, kazi za shule ni nyingi. Maumivu: analalamikia goti la kushoto, si lenyewe hasa, ni chini yake kidogo, na kuna kinundu. Nilidhani amepigwa teke. Kabla ya kukimbia hali chochote, tukirudi anakunywa chai ya maziwa na mkate. Mchana anakula githeri shuleni. Usiku ugali, sukuma, omena siku nyingine, na chai tena.

#6 NaksFizio
Nitasema bila kuzungusha. Saa tano usiku mpaka saa kumi na nusu ni saa tano na nusu za usingizi. Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Misuli haijengwi barabarani. Barabarani inachoka na kuchanika kidogo kidogo, kitandani ndiko inakojengwa. Wiki tano umemchosha bila kumpa muda wa kupona, kwa hiyo anapungua, ndivyo mwili ufanyavyo.

La pili ni huo urefu. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 14, wengine huchelewa. Mifupa hutangulia, misuli na kano hufuata nyuma. Kwa miezi kadhaa kijana anaweza kuonekana mzito, hana mizani, anajikwaa na mpira aliouzoea. Kocha akiona hivyo husema mvivu. Kinundu chini ya goti kinaelekea kuwa kile kinachoitwa Osgood-Schlatter: kano ya goti inavuta mahali ambapo mfupa bado ni laini kwa sababu unakua. Hakihitaji kukatwa wala kukandwa kwa nguvu. Kinahitaji kupunguziwa kukimbia, kuruka na milima, na mtu akitazame kwa macho, si mimi kwenye simu. Muda mwingi hutulia mifupa ikikomaa.

#7 Beki3
Mimi bado mwanafunzi, kidato cha tatu, samahani kwa kuingia baraza la wazazi. Baba, muulize anachezea timu ngapi. Wazazi wetu hujua ya shule tu. Mimi mwaka jana Jumanne na Alhamisi nilifanya mazoezi ya shule, Jumatano timu ya mtaa, Jumamosi mechi, Jumapili shindano la kuwania mbuzi. Ilipofika Jumatatu nilikuwa nalala darasani nimefungua macho. Na hatukatai kucheza, kwa sababu ukikosa mara moja nafasi inaenda.

#8 Mama_Handiboli
Mwanangu #7 umesema kweli, na pole. Mimi nina binti wa miaka 16, anacheza mpira wa mikono, anasoma bweni. Muhula mmoja alirudi amekonda, anashinda akiumwa muundi, na baada ya kubanwa sana akaniambia hajaona siku zake kwa miezi minne. Nilidhani mambo mengine, nikamkasirikia, na mpaka leo najuta. Daktari alikaa naye, akamhoji anakula nini na anafanya mazoezi mara ngapi. Mazoezi mara mbili kwa siku, na chakula cha bweni alikuwa anagawa kwa sababu mtu alimwambia mchezaji anatakiwa awe mwepesi. Mwili ulikuwa unatumia zaidi ya unachopata, ukaanza kufunga milango mmoja mmoja. Alipoongezewa chakula na kupunguziwa mazoezi hedhi ikarudi baada ya miezi miwili na zaidi.

Kwa hiyo chai na mkate baada ya kupanda mlima wa Kiboswa, Baba Mamboleo, hapana. Hilo tumbo halina kitu.

#9 JiraniWaAfraha
Mnazunguka bure. Tatizo ni Kisumu. Mko usawa wa bahari, joto kama tanuri, mapafu yamelala. Mleteni kijana Nakuru likizo moja akimbie kando ya Menengai, au Iten kule kwa wanariadha, mita 3,000, muone kama kuna beki atamshika.

#10 MwalimuMichezo
Jirani, kwanza tusahihishe hesabu. Kisumu haiko usawa wa bahari, iko karibu mita 1,130 juu yake. Nakuru ni kama 1,850. Iten ni karibu 2,400, si 3,000. Pili, kijana anazimikia Kisumu, nyumbani kwao, dhidi ya vijana wa Kisumu. Ingekuwa anazimika akija kucheza kwenu ningekuelewa.

Joto nakubali. Nafundisha Vihiga na tukishuka kucheza Kisumu mchana nawaona wangu wanavyokauka. Wanywe maji kabla hawajaona kiu, na aliyeanza kutetemeka au kuchanganyikiwa atolewe uwanjani hapo hapo.

Lakini nina maelezo ambayo hakuna aliyeyataja. Mwaka jana alikuwa Gredi ya 9, anacheza na watoto wenzake. Mwaka huu anakabiliana na mabeki wa kidato cha nne, wanaume wa miaka 18. Kila anapowapita analipa mara mbili. Huenda pumzi yake ni ile ile, bei ya mechi ndiyo iliyopanda.

#11 JiraniWaAfraha
Mwalimu nimekubali mita 600 zangu zirudi, asante. Ila Iten siiachi. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012, alilelewa kimichezo pale.

#12 MwalimuMichezo
Na aliyemlea? Brother Colm O'Connell alifika Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alianza kwa kutazama watoto. Anajulikana kwa subira, hamkimbizi kijana kabla ya wakati wake. Iten ya watu wengi ni mlima na jasho, lakini na hiyo subira ni Iten.

#13 Dada_Maabara
Nimesoma yote, nimeshangaa hakuna aliyesema damu. Nafanya kazi maabara, upande wa Siaya. Kijana wa kando ya ziwa aliyekuwa na nguvu akaanza kuishiwa, kitu cha kwanza ni kumpima, mazoezi baadaye.

Malaria inaweza kukaa mwilini bila homa kali, hasa kwa sisi tuliokua nayo, huku ikila damu. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu polepole. Na kichocho! Baba Mamboleo, kijana anaogelea ziwani? Kichocho cha huku kwetu kwa kawaida ni kile cha tumbo, hakitoi damu kwenye mkojo, kwa hiyo watu hawakishuku. Vijidudu hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Mtu anaweza kukaa nacho miezi, amechoka tu, tumbo linamsumbua siku moja moja.

Tena muulizeni kuhusu selimundu, siko seli kama tunavyoiita. Magharibi yote hii wapo wengi wanaobeba nusu yake, yaani chembe moja ya urithi kutoka kwa mzazi mmoja, na wengi hawajui kwa sababu hawaumwi. Anayebeba nusu anaweza kucheza bila shida. Hatari ni kukimbizwa kwa nguvu bila kupumzika, kwenye joto, bila maji. Huko ndiko watu wameanguka. "Miguu haiko" si neno la kupuuza kwa mtu wa namna hiyo. Mpimeni.

#14 Baba_Mamboleo
Dada, nimekaa na kijana jioni hii, bila ukali. Timu ni tatu, Beki3 ulijuaje? Na ziwani wamekuwa wakienda kila Jumapili baada ya mechi tangu Desemba, kuoga na kuosha magari ya watu wapate pesa za soda. Mimi nilidhani yuko kwa shangazi yake. Kesho hatukimbii. Tunaenda hospitali.

#15 Mzee_Kiboswa
Damu mpimeni, sikatai. Lakini hilo ziwa na sisi tuliliogelea, na tulikimbia.

#16 Dada_Maabara
Mzee wangu, mliliogelea na mlikuwa nacho pia. Waliokuwa wakikaa kando ya uwanja wakiitwa wavivu enzi zenu, hakuna aliyewapima.

#17 Mbio_Fupi
Wakuu, mimi naona mnachelewesha. Kuna duka la dawa ambapo vijana wa timu yetu walikuwa wanachomwa sindano ya maumivu asubuhi ya mechi, na kopo moja la kinywaji cha kuchangamsha kabla ya filimbi. Dakika 90 unazimaliza na goti hulisikii.

#18 NaksFizio
Hapana, hapana kabisa. Goti linauma ili umwondoe kwenye kazi inayoliumiza. Ukilinyamazisha na ukamrudisha akimbie, unaweza kupata mfupa uliochomoka pale pale kwenye kinundu. Hivyo vinywaji vina kafeini nyingi, mtoto anakunywa kwenye joto, moyo unakwenda mbio kabla hajagusa mpira, halafu usiku halali, tumerudi kwenye usingizi. Na anayeota kufika mbali ajue kuna ADAK, wale wanaopima wachezaji dawa zilizokatazwa, na jibu la "nilichomwa na mtu wa duka" halimwokoi mchezaji.

#19 Mama_Handiboli
Fizio, nikuulize hapo ulipo. Kocha wa binti yangu anataka waanze kunyanyua vyuma. Mama mkwe anasema vitamfupisha.

#20 NaksFizio
Vyuma havimfupishi mtoto. Kinachoumiza ni uzito mkubwa uliobebwa vibaya, au kushindana nani ananyanyua zaidi. Aanze na mwili wake mwenyewe: kuchuchumaa, kupanda ngazi kwa mguu mmoja, kujiinua kwa mikono. Kwa wasichana wa mchezo wa kuruka, jambo ninalolisisitiza ni kutua. Akitua magoti yasiingie ndani yakagusana. Wasichana hukatika kano za ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na mara nyingi hakuna aliyewagusa, wametua tu vibaya au wamegeuka ghafla. Upande wa soka, FIFA wana mpango wa kupasha mwili unaoitwa 11+, wa dakika 20 hivi, wenye mazoezi ya kutua, mizani na misuli ya nyuma ya paja. Timu zinazoufuata sawasawa huumia mara chache zaidi. Makocha wengi wanauona unachosha, wanapendelea kuzunguka uwanja mara tano.

#21 MpishiWaBweni
Mimi napikia wanafunzi, miaka mingi sasa, niruhusuni niseme ya jikoni. Chai pamoja na ugali na sukuma ni hasara. Chai inazuia madini ya chuma ya mboga yasiingie mwilini. Inywewe baadaye, saa moja au zaidi baada ya kula. Weka chungwa au papai au ndimu kwenye hicho chakula, chuma kitaingia vizuri. Omena usitoe vichwa, mle nzima, mifupa yake ni kalsiamu. Uji wa wimbi asubuhi una kalsiamu kuliko wa mahindi. Kabla ya mazoezi ya alfajiri, ndizi moja au kipande cha kiazi kitamu kilicholala kinatosha.

Na kunde, mrenda, osuga, mboga zetu za kienyeji, msiziache kwa sababu ya sukuma. Wachezaji wangu nawatilia maharagwe mwiko wa ziada, mwalimu wa bweni anajua na hasemi.

#22 Winga_Mstaafu
Mpishi, ungekuwepo Kakamega wakati wangu! Sisi tulikula githeri ya kuhesabu.

#23 MwalimuMichezo
Nyinyi wa Kakamega mnashindwa na shule ya Musingu halafu mnasingizia githeri.

#24 Winga_Mstaafu
Mwalimu, hilo tuliache, huu ni uzi wa mtoto wa mtu.

#25 Baba_Mamboleo
Nimerudi, ni kama siku kumi zimepita. Majibu: malaria hakuna. Selimundu hana hata nusu. Haemoglobini ni 11.8. Choo cha kwanza hakikuonyesha kichocho, wametaka kingine. Goti, daktari amesema sawasawa na Fizio. Amempa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Tangu siku ile hatujakimbia alfajiri, analala saa tatu na nusu, timu ya mtaa na ya Jumapili ameziacha kwanza, ingawa kwa machozi. Asubuhi anakula mayai na uji.

Jana alicheza mechi ya darasa. Nilisimama mbali asinione. Kipindi cha pili alikimbia mpaka karibu na mwisho. Si kama mwaka jana, lakini alikimbia.

#26 Dada_Maabara
Afadhali. Kwa mvulana wa miaka 15 na kuendelea, chini ya 13 inahesabiwa upungufu wa damu, kwa hiyo 11.8 ni ya chini ingawa si ya kutisha. Cheti cha kwanza cha choo kisikutulize, mayai ya kichocho hayatoki kila siku, rudini. Naona tumempata mwizi.

#27 NaksFizio
Dada, hapa tupingane kidogo. Dawa ya damu haiwezi kuinua mtu namna hiyo kwa siku kumi. Alichopata haraka ni usingizi na mapumziko.

#28 Winga_Mstaafu
Na timu mbili alizoacha. Na mlima.

#29 MwalimuMichezo
Na mechi ya darasa haina mabeki wa kidato cha nne. Baba Mamboleo, umebadilisha mambo matano kwa mpigo, hatutajua lipi lilikuwa. Mimi ningesubiri nimwone akicheza na wakubwa. Ila nenda kwa kocha wake na karatasi ya daktari mkononi. Mwambie kwa upole, sisi walimu tukishamwita mtoto mvivu mbele ya wenzake huwa vigumu kurudi nyuma bila kusaidiwa. Mpira ni muhula wa pili, pamoja na voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba. Miezi ipo.

#30 Mzee_Kiboswa
Si magongo pia?

#31 MwalimuMichezo
Magongo ni muhula wa kwanza, mzee, na vikapu na mpira wa mikono.

#32 Mzee_Kiboswa
Haya. Kijana akipona goti, mleteni Kiboswa Jumamosi moja. Hatutakimbia. Tutatembea, nimwonyeshe njia tuliyokuwa tunapita.

#33 Beki3
Baba, njumu zake zinamtosha? Mimi kisigino kiliniuma muhula mzima nikidhani ni mfupa, kumbe mguu ulikuwa umeongezeka namba mbili.

#34 Baba_Mamboleo
Nimekwenda kuziangalia sasa hivi. Ni namba 41. Nimempima mguu kwa karatasi ukutani, ni 43. Alikuwa anakunja vidole.

#35 Mama_Handiboli
Jumapili soko la Kibuye, nenda kabla ya saa mbili, zile nzuri huisha mapema. Zikunje katikati kabla ya kulipa, ukaguzi wa soli ni hapo. Nenda naye mwenyewe, na soksi za mechi.